Osteopathi si kuunga mifupa: Jina linalowapotosha wagonjwa wa mgongo Kakamega

MGONJWA wa mgongo mjini Kakamega hakosi wa kumtibu. Iko Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya kaunti, ziko kliniki za watu binafsi, wako wakandaji, wako waunga mifupa wa jadi ambao sifa zao huvuka mipaka ya tarafa, na wako wauzaji wa mitishamba wanaozinadi dawa zao kwa vipaza sauti siku za soko. Anachokikosa mgonjwa huyo, mara nyingi, ni mtu wa kumweleza ni nani kati ya hao anayetibu nini.

Katika mkanganyiko huo limejipenyeza neno jingine: osteopathi. Wenye simu hulisoma mitandaoni, na jamaa walioko Marekani au Uingereza hulitaja wanapopiga simu nyumbani kuulizia hali ya mzee asiyeweza kuinuka kitandani.

Ni neno lenye uzito wa kitaalamu, na kwa hivyo kila anayelisikia hulijaza maana aitakayo. Kuna anayedhani ni jina la kizungu la kazi ya muunga mifupa. Kuna anayedhani ni tawi la upasuaji wa mifupa. Na kuna anayeamini kwamba ni tiba ya mikono inayoponya kila kitu, kuanzia pumu hadi utasa, bila dawa na bila kisu.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyelenga. Lau kosa hilo lingekuwa la kamusi tu, lisingestahili nafasi gazetini. Lakini hii ni kaunti ambayo watu wengi huishi kwa nguvu za mgongo: wakikata na kupakia miwa Matungu na Malava, wakichimba dhahabu kwa sururu Ikolomani, wakibeba kuni, maji na mchanga, na wakiendesha bodaboda kuanzia alfajiri. Kwao, kosa la kumfuata mtabibu asiyefaa laweza kugharimu mguu, na wakati mwingine uhai.

Chanzo cha utata ni jina lenyewe. Limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja likimaanisha mfupa na jingine mateso au maradhi. Aliyelibuni ni Andrew Taylor Still, tabibu wa Marekani aliyezaliwa mwaka wa 1828. Mnamo 1864 Still alipoteza watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo, na dawa za wakati ule, ambazo nyingi zilikuwa sumu kama vile zebaki, hazikuwafaa kitu.

Still akakata tamaa na dawa. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1874, alitangaza nadharia mpya: kwamba mwili una uwezo wa kujiponya, kwamba maradhi hutokana na mifupa na viungo vilivyohama mahali pake na kuzuia mtiririko wa damu, na kwamba tabibu akivirejesha kwa mikono yake maradhi hayo yatatoweka. Mnamo 1892 alifungua chuo katika mji mdogo wa Kirksville, jimboni Missouri.

Zama zile hazikuwa kama hizi. Kimelea cha kifua kikuu kilikuwa kimetambuliwa na Robert Koch miaka kumi tu kabla ya chuo hicho kufunguliwa, na dawa za kuua bakteria zilikuwa bado kuzaliwa. Tabibu asiyemnywesha mgonjwa zebaki alikuwa na nafasi nzuri ya kumwacha hai kuliko yule aliyemnywesha. Hapana shaka kwamba sehemu ya sifa za mwanzo za osteopathi ilitokana na kile alichokiacha Still, wala si kile alichokifanya.

Kwa hivyo osteopathi haikuanza kama fani ya kuunga mfupa uliovunjika. Ilianza kama nadharia ya maradhi yote, na nadharia hiyo haikusimama. Kilichobaki ni ufundi wa mikono: kukanda misuli, kunyoosha viungo na kano, na kusukuma pingili za uti wa mgongo kwa namna maalumu.

Hapo ndipo njia zilipogawanyika, na mgawanyiko huo ndio unaowakanganya hata wasomi. Nchini Marekani, vyuo vya osteopathi viliingiza polepole masomo ya dawa, upasuaji na sayansi zote za tiba. Leo mwenye shahada ya DO ni daktari kamili anayeandika dawa na kupasua katika majimbo yote 50, sawa na mwenzake mwenye shahada ya MD. Tofauti yao imekuwa ndogo kiasi kwamba mnamo 1962 jimbo la California liliwaruhusu madaktari wa DO kuibadilisha shahada yao kuwa MD kwa ada ya dola 65.

Rais Donald Trump alipolazwa hospitalini kwa corona mnamo Oktoba 2020, aliyewahutubia wanahabari kuhusu hali yake alikuwa Sean Conley, daktari wa jeshi la majini mwenye shahada hiyo ya DO. Wamarekani wenyewe walikuwapo walioshangaa ni vipi kiongozi wa nchi anatibiwa maradhi ya mapafu na mtu wa mifupa. Hakuwa mtu wa mifupa.

Uingereza mambo ni mengine kabisa. John Martin Littlejohn, aliyesoma kwa Still, alianzisha chuo jijini London mwaka wa 1917, na sheria ya mwaka wa 1993 ikaweka baraza la kuwasajili wanaotumia jina hilo. Hata hivyo, mtaalamu wa osteopathi wa Uingereza si daktari. Haandiki dawa, wala hashiki kisu. Kazi yake ni mikono, ushauri na mazoezi, basi.

Kwa hivyo jamaa aliyeko Boston na jamaa aliyeko Birmingham wanapompendekezea mzee wa Khwisero osteopathi, wanazungumzia watu wawili tofauti, na hakuna kati yao anayemfanana muunga mifupa wa kijijini.

Hapa Kenya sheria inawatambua wengine. Madaktari husajiliwa na baraza lao la matabibu na madaktari wa meno. Wataalamu wa tiba ya viungo, wale wanaotumia mazoezi na mikono katika hospitali za umma, walipata sheria na baraza lao mwaka wa 2014. Osteopathi haina sheria ya namna hiyo. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inataja tiba asili na tiba mbadala, na ilielekeza kwamba chombo cha kuzisimamia kiundwe kwa sheria ya Bunge.

Kwa mwananchi, maana yake ni kwamba cheti cha osteopathi kilichotundikwa ukutani hakisemi mengi mpaka ijulikane kilitoka wapi, na baada ya masomo ya muda gani. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika vigezo lililochapisha mwaka wa 2010, lilitaja saa 4,200 za masomo kwa mtu anayeanza bila mafunzo ya awali ya afya, na angalau saa 1,000 kati ya hizo ziwe za kuwahudumia wagonjwa chini ya uangalizi. Hiyo ni kazi ya miaka. Semina ya juma moja haiwezi kuifanya.

Sasa, huyu muunga mifupa wa jadi anayechanganywa na osteopathi ni nani, na kwa nini watu wenye akili zao timamu humwendea?

Si kwa ujinga. Mfupa uliovunjika una tabia moja ambayo haisemwi vya kutosha: huungana wenyewe. Kazi ya tabibu, awe profesa au mkulima, ni kuhakikisha ncha zake zimekaa mkabala, zimetulia, na damu inapita. Mtoto aliyeanguka kutoka mwembeni na kuvunjika mkono kidogo, akifungwa vizuri kwa mabanzi ya mianzi na kuzuiwa kucheza, atapona baada ya majuma machache karibu sawasawa na mwenzake aliyepigwa plasta. Muunga mifupa wa jadi ana orodha ndefu ya waliopona mikononi mwake, na orodha hiyo si ya uongo.

Shida ni wale wasiomo kwenye orodha. Kitambaa kikikazwa juu ya kiungo kinachoendelea kuvimba, damu hushindwa kupita, na katika muda wa saa chache misuli iliyoko chini yake huanza kufa. Dalili zake hazifichiki: vidole kuwa baridi na kubadilika rangi, ganzi, na maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Mgonjwa huambiwa avumilie, maana uponyaji una uchungu. Anapofikishwa hospitalini, mara nyingine lililobaki ni kukata. Visa vya namna hii vimeandikwa na madaktari wa upasuaji kwa miaka mingi, hasa Nigeria na Ethiopia, hata vikapewa jina lao maalumu katika vitabu vya tiba.

Tangu pikipiki zenye injini ndogo zilipoondolewa kodi ya ongezeko la thamani mnamo 2008 na bodaboda kuzagaa hadi vichochoroni, sura ya majeraha nayo imebadilika. Kuvunjika kwa barabara ya lami si kuvunjika kwa kuanguka mwembeni. Mfupa wa muundi husagika vipande, ngozi hupasuka, uchafu huingia. Mfupa uliotokeza nje unahitaji kuoshwa katika chumba cha upasuaji na dawa za kuua bakteria mapema iwezekanavyo. Hauhitaji majani, wala hauhitaji mabanzi peke yake. Kadhalika nyonga ya bibi kizee iliyovunjika kwa kuteleza uani mara nyingi haiungani sawasawa bila upasuaji, hata ikandwe kwa miezi.

Kejeli ya mambo ni kwamba mtaalamu wa osteopathi aliyefunzwa barabara, akionyeshwa mguu wa namna hiyo, hangeugusa. Angeita ambulensi. Kuunga mfupa uliovunjika hakumo katika kazi yake, na lau neno hilo lingekuwa na maana moja tu ya kukumbukwa na wasomaji, ingefaa iwe hiyo.

Basi hutibu nini? Jibu la haki ni kwamba hutibu machache kuliko yanayodaiwa, na la kwanza kati ya machache hayo ni maumivu ya kawaida ya mgongo.

Maumivu hayo si jambo dogo. WHO linakadiria kwamba watu milioni 619 duniani waliugua maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka wa 2020, na kwamba idadi hiyo itafika milioni 843 ifikapo mwaka wa 2050. Katika visa takriban tisa kati ya kumi hakuna ugonjwa mahususi unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Misuli na viungo vimechoka, vimekaza, au vimebebeshwa kupita kiasi. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya visa vipya hupungua vyenyewe katika majuma machache.

Habari hiyo njema ndiyo pia inayozaa umaarufu wa uongo. Mtu huvumilia juma la kwanza na la pili. Maumivu yanapofika kileleni ndipo hutafuta msaada, na hapo ndipo maumivu hayo, kwa kawaida yake, huanza kushuka. Aliyekuwa karibu wakati huo hupewa shukrani, awe mkandaji, muuza mitishamba, mhubiri au mtaalamu mwenye cheti cha London. Hakuna aliyedanganya. Ugonjwa ulikuwa ukiondoka, naye akakutwa amesimama mlangoni.

Ndiyo maana watafiti hulinganisha makundi. Mnamo 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Ufaransa kwa wagonjwa 400 wa mgongo. Nusu walipewa vikao sita vya osteopathi halisi, kimoja kila baada ya majuma mawili, na nusu wakapewa vikao sita vya kuiga, ambapo waliguswa tu bila tiba yenyewe. Waliopata tiba halisi walikuwa na nafuu zaidi kidogo katika shughuli zao. Watafiti wenyewe walikiri kwamba tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi cha kutiliwa shaka kama ina maana kwa mgonjwa.

Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo unakwenda njia hiyohiyo. Unaruhusu kusukuma pingili na kukanda kuwa sehemu ya tiba, kwa masharti na kwa kukiri kwamba ushahidi ni hafifu, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Unakataa mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, na dawa kali za kutuliza maumivu za jamii ya afyuni. Wauzaji wa mikanda mitaani hawawezi kuupenda mwongozo huo.

Hapa wako watakaosema kwamba wao wenyewe walisikia mfupa ukirudi mahali pake, kwa mlio. Mlio huo ni wa kweli, lakini maelezo yake sivyo. Ndani ya kiungo mna ute, na ndani ya ute mna gesi. Kiungo kikivutwa ghafla, gesi hufanya kiputo na mlio husikika, kama ule wa kualisha vidole. Hakuna pingili iliyokuwa imehama, wala iliyorudi. Pingili iliyohama kikweli ni dharura ya upasuaji.

Hali kadhalika ile diski inayosemwa kwamba imeteleza. Visahani vya gegedu vilivyo kati ya pingili havitelezi kama sabuni. Hufura au hupasuka, na mara nyingi mwenyewe hana habari. Uchambuzi wa picha za watu wasio na maumivu yoyote, uliochapishwa mwaka wa 2015, ulionyesha kwamba asilimia 30 ya wenye umri wa miaka 20 walikuwa na diski zilizofura, na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Mgonjwa anayeonyeshwa picha ya bei ghali na kuambiwa kwamba hiyo ndiyo sababu ya maumivu yake, huenda anaonyeshwa umri wake tu.

Nje ya mgongo na viungo, madai ya osteopathi huanza kuyeyuka. Kisukari hakikai kwenye pingili. Shinikizo la damu halishuki na kubaki chini kwa kukandwa. Kuna tawi linalodai kwamba mifupa ya fuvu huchezacheza, na kwamba kuigusa kwa upole hutuliza watoto wachanga wanaolia. Ushahidi wake ni dhaifu mno, na nchini Uingereza wasimamizi wa matangazo wamewataka wataalamu wa osteopathi wasitangaze kutibu maradhi ya watoto wasiyoweza kuyathibitisha. Akina mama wa hapa wanaoupeleka utosi uliobonyea wa mtoto kwa mkandaji wanafanya kosa la jamii hiyohiyo: utosi uliobonyea wa mtoto anayeharisha ni dalili ya kuishiwa maji mwilini, na anachohitaji ni maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo, na haraka.

Hata hivyo, hatari kubwa haimo katika kile ambacho mikono hufanya. Imo katika kile ambacho muda hufanya wakati mikono inaendelea.

Chukua ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Magharibi mwa Kenya ni sehemu ambayo malaria imeishi na watu kwa karne nyingi, na selimundu iliifuata. Uhusiano huo ulithibitishwa na Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, aliyezunguka Afrika Mashariki akipima damu na kuchapisha matokeo yake mwaka wa 1954. Urithi huo ulikuwa mwingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na haba katika nyanda za juu. Anayeurithi kutoka kwa mzazi mmoja hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria. Anayeurithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua.

Mara nyingi dalili ya mwanzo kabisa ni mtoto mchanga kuvimba mikono na miguu na kulia asiguswe. Seli za damu zilizojikunja kama mundu zimeziba mishipa midogo ndani ya mifupa yake. Nyumbani hudhaniwa kwamba ameteguka, ameangushwa na yaya, au amerogwa. Hupelekwa kukandwa. Baada ya siku kadhaa uvimbe hupungua wenyewe, na mkandaji hupata sifa nyingine. Uvimbe hurudi, naye hurudishwa.

Wakati wote huo mtoto hajapimwa damu, hajaanzishiwa dawa za kumkinga dhidi ya bakteria, na hajapewa haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu. Watoto hawa pia hupata usaha ndani ya mifupa kwa urahisi kuliko wengine, na mfupa wenye usaha haukandwi. Kipimo cha damu kingemaliza ubishi wote.

Au chukua kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ulioelezwa na mpasuaji wa Kiingereza Percivall Pott mwaka wa 1779 na ambao bado uko nasi. Huanza kama maumivu ya kawaida, ila hayaishi. Huja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Pingili huliwa polepole hadi mgongo kupinda na kufanya kibyongo, na miguu kupooza. Kuisukuma pingili iliyoliwa nusu ni kuhatarisha uti wenyewe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya afya vya umma, na kwa ugonjwa ulioingia mifupani humezwa kwa takriban mwaka mmoja. Anayezianza kabla ya kupooza ana matumaini makubwa ya kuendelea kutembea.

Kwa wanaume wazee, maumivu ya mgongo yanayozidi usiku yaweza kuwa saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa. Na kwa mtu wa umri wowote, maumivu ya mgongo yanayoandamana na kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ganzi sehemu za siri, au miguu kulegea, ni dharura ya siku hiyohiyo. Shingo nayo ina onyo lake: kuizungusha kwa nguvu kumewahi, ingawa ni nadra, kupasua mishipa ya damu inayopanda ubongoni na kusababisha kiharusi.

Itakuwa si haki kumlaumu mgonjwa peke yake. Madaktari wa hospitali za umma walipogoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na wauguzi wakafuata kwa miezi mitano mwaka huohuo, milango ya waunga mifupa haikufungwa. Madaktari waligoma tena kwa siku 56 mwaka wa 2024. Oktoba mwaka huo bima ya NHIF iliondoka na SHA ikaingia, na wengi wakalazimika kujifunza upya ni nini kinacholipiwa na ni nini kisicholipiwa. Anayetoka Likuyani au Butere hupiga hesabu ya nauli, ya eksirei na ya kulala foleni, kisha humtazama jirani anayekubali kulipwa kwa kuku. Mfa maji hushika maji.

Tena hospitali zetu zina kosa lao. Mgonjwa wa mgongo hupewa vidonge na kurudishwa nyumbani bila maelezo, ilhali mkandaji humkalisha, humgusa panapouma na humsikiliza kwa nusu saa. Huenda nusu saa hiyo ndiyo sehemu ya tiba inayofanya kazi. Si lazima mtu aende mbali kuipata kwa njia salama: wataalamu wa tiba ya viungo waliosajiliwa na baraza lao hufanya sehemu kubwa ya kazi ileile inayosifiwa kwa jina la osteopathi, pamoja na mazoezi ambayo ndiyo yenye manufaa ya kudumu. Ni wachache, na aghalabu mgonjwa huelekezwa kwao akiwa amekwisha kuchelewa.

Waunga mifupa nao hawatatoweka kwa kupigwa marufuku. Ethiopia ilijaribu njia nyingine. Katika kazi iliyochapishwa mwaka wa 2005, waunga mifupa wa jadi walipewa mafunzo ya siku moja tu: namna ya kufunga bila kukaza, namna ya kutambua vidole vinavyokosa damu, na ni mfupa upi wasiuguse bali waupeleke hospitalini. Viungo vilivyolazimika kukatwa katika eneo hilo vilipungua.

Kakamega ina hospitali ya rufaa, ina chuo cha mafunzo ya matabibu cha KMTC, na ina Chuo Kikuu cha Masinde Muliro chenye shule ya tiba. Mafunzo ya siku moja hayahitaji jengo jipya wala mkopo. Yanahitaji daktari mmoja wa mifupa, mtaalamu mmoja wa tiba ya viungo, chai ya saa nne, na orodha ya majina ambayo kila chifu wa kaunti hii anayo kichwani.